Bett wa Sheffield: mtumwa aliyemshitaki bwana wake akashinda

Mwaka 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu Azimio la Uhuru. Majina yatakayotajwa majukwaani tunayajua: Jefferson, Adams, Franklin. Anastahili kutajwa pamoja nao mwanamke mmoja asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye miaka mitano baada ya azimio hilo alikwenda mahakamani kudai kwamba usawa uliohubiriwa na wakubwa ni wake pia.

Aliitwa Bett. Alizaliwa utumwani katika koloni la New York, akaja kuwa mtumwa wa Kanali John Ashley huko Sheffield, magharibi mwa Massachusetts. Ashley alikuwa tajiri wa ardhi aliyewahi kukalia kiti cha ujaji. Nyumbani kwake, mwaka 1773, wakubwa wa mji waliandika tamko la kuwapinga watawala wa Kiingereza, wakisema binadamu kwa asili yao ni sawa na huru. Bett alikuwa mtumwa katika nyumba hiyohiyo.

Kumbukumbu za mahakama zinaeleza kesi yake kwa maneno machache. Mwaka 1781 ilitolewa hati ya kumtaka Ashley awaachie Bett na mtumwa mwenzake, Brom. Ilikuwa hati ya aina inayotumika kurejesha mali iliyoshikiliwa isivyo halali. Ashley alikataa, akisema hao ni watumishi wake wa maisha. Agosti mwaka huo kesi ikasikilizwa Great Barrington. Mawakili Theodore Sedgwick na Tapping Reeve waliegemea katiba mpya ya Massachusetts ya 1780, inayotamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Juri ikaamua kwamba wadai ni waungwana, na Ashley awalipe fidia ya shilingi 30 pamoja na gharama za kesi. Alikata rufaa, kisha akaiacha.

Kwa nini Bett alishitaki? Hilo halimo katika karatasi za mahakama. Tunalipata kwa Catharine Sedgwick, binti wa wakili, mwandishi maarufu wa zama zake, aliyelelewa na Bett mwenyewe na kuchapisha simulizi yake mwaka 1853.

Anasimulia kwamba mke wa Ashley, Hannah, alikuwa na hasira za kutisha. Siku moja alimkuta Lizzy, binti mnyonge aliyekuwa akihudumu jikoni, amejifinyangia kimkate kutokana na makombo ya unga. Hannah akamwita mwizi, akanyakua sepeto la jikoni lililokuwa jekundu kwa moto na kumwinulia. Bett akajitupa katikati, pigo likamshukia mkononi na kumkata hadi mfupani. Jeraha lilichukua muda mrefu kupona, na Bett hakulificha. Mtu akimuuliza mbele ya Hannah kilichompata, alimwambia amuulize bibi wa nyumba.

Simulizi hii imezua mabishano. Catharine anamwita Lizzy mdogo wake Bett. Wengine wanaamini alikuwa mwanawe. Tena anasema Bett alisikia Azimio la Uhuru likisomwa mjini, na kesho yake akaenda kwa wakili, ilhali kesi ilifunguliwa 1781, baada ya katiba. Catharine alizaliwa 1789, kwa hiyo yote haya aliyapata kwa kusimuliwa. Mimi namwamini katika habari ya kovu, kwa kuwa alilelewa na mikono hiyo. Lakini tusisahau kwamba ujasiri wa Bett umetufikia kwa kalamu ya familia iliyomwajiri, na familia hiyo ilipenda kumsifu kwa utiifu wake kwao kama ilivyomsifu kwa kumkaidi Ashley.

Baada ya hukumu alijiita Elizabeth Freeman. Ashley alimwomba arudi kwa mshahara, akakataa. Akaenda kufanya kazi kwa Sedgwick, akawa pia mkunga na mwuguzi wa kutegemewa, hata akanunua nyumba yake. Kesi ya mtumwa mwingine, Quock Walker, ilimalizika 1783 na kuung'oa utumwa katika Massachusetts; sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja jimboni humo.

Alifariki Desemba 1829, akazikwa Stockbridge katika makaburi ya akina Sedgwick. Picha yake ndogo ya 1811, iliyochorwa na mmoja wa familia hiyo, imetunzwa na Jumuiya ya Historia ya Massachusetts mjini Boston, pamoja na bangili ya shanga zake za dhahabu. Lakini kuna karatasi nyingine ambayo ningetamani ijulikane zaidi: wosia wake, alioutia alama badala ya saini, akigawa mali yake kwa watu wa damu yake. Humo yeye mwenyewe ndiye mwenye kuamua.

Sanamu yake ilizinduliwa Sheffield Agosti 2022. Mji ulikuwa umemchelewesha miaka 241, na hilo ni la aibu kwa nchi inayotunza kwa makini kila barua ya waasisi wake.