Mpinzani Aliye Ubavuni

Mchezo wa Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari huko California mwaka 1972, haukuwa na namna ya kumburudisha mtu aliye peke yake. Aliyeingia baa bila ya mwenzake akatumbukiza sarafu ya senti 25, aliuona mstari wa mwanga wa upande wa pili umesimama pale pale, na mpira ukipita pasi na wa kuurejesha. Ilimlazimu amtafute mtu, hata kama hamjui. Wengi wameuhesabu ulazima huu kuwa ni upungufu wa mashine changa. Lakini ukitazamwa pamoja na yaliyoutangulia, waonekana kuwa ndio roho ya mchezo wenyewe.

Mwaka 1961 chuo cha MIT kilipewa zawadi ya kompyuta ya PDP-1 na waliyoiunda, Digital Equipment Corporation. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 120,000, na zote zilizopata kuundwa hazikufika 60. Ilikuja na kiwambo cha duara, na kiwambo hicho ndicho kilichowatia wazimu vijana watatu, Steve Russell, Martin Graetz na Wayne Wiitanen. Walikuwa wamezama katika riwaya za E. E. Smith zenye vita vya angani, wakataka programu itakayodhihirisha uwezo wa mashine na papo hapo imshirikishe mtazamaji. Russell ndiye aliyeandika sehemu kubwa, na mwaka 1962 ukazaliwa mchezo wa Spacewar: vyombo viwili, kimoja chembamba mfano wa sindano na kingine kama kabari, vikiwindana kwa makombora. Dan Edwards akaongeza nyota ya katikati yenye nguvu ya kuvuta kila kinachoikaribia. Peter Samson akaweka nyuma yake nyota za kweli za mbinguni, kila moja mahali pake.

Mashine ilifika ukomo wa uwezo wake. Makombora yaliachwa yaende bila ya kuvutwa na nyota, kwa kuwa haukubaki wasaa wa kuyapigia hesabu. Mashine iliyozidiwa na hilo haikutarajiwa kuwa adui mwerevu. Adui akawa binadamu, akaketi ubavuni.

Mara wanapokuwa wawili, huzuka suala la haki. Hapo mwanzo vyombo viliendeshwa kwa swichi za mashine yenyewe. Viwiko viliuma, na mchezaji mmoja alikaa karibu zaidi na kiwambo kuliko mwenzake. Alan Kotok na Bob Saunders wakaunda vikasha viwili vya kushika mkononi, ili pasiwe na mwenye kisingizio. Russell naye alikuwa amejaribu kuyatia makombora kosa dogo la kubahatisha, akidhani ndiyo hali ya silaha za kweli. Wachezaji walilikataa. Walitaka anayekosa akose kwa mkono wake. Mcheza bao hatalishangaa hilo. Kwenye bao hakuna dadu wa kulaumiwa. Bahati iliruhusiwa mahali pamoja tu: aliyebanwa aliweza kubonya akatoweka, kisha akazuka pengine asipopachagua, huku akijua kwamba huenda chombo chake kikapasuka. Hilo aliliongeza Graetz, na mwenye kulitumia alilitumia kwa hiari yake.

Spacewar haukuuzwa. Ulinakiliwa bure kutoka chuo hadi chuo, na kila penye kompyuta yenye kiwambo ukapata wafuasi. Huko Stanford, Bill Pitts na Hugh Tuck waliugeuza mwaka 1971 kuwa mashine ya sarafu, senti 10 kwa mchezo mmoja. Wanafunzi waliijia kwa wingi, ingawa gharama ya kompyuta iliyokuwa ndani haikuweza kufidiwa na senti hizo. Tarehe 19 Oktoba 1972 yakafanyika hapo hapo mashindano aliyoyaandikia Stewart Brand katika jarida la Rolling Stone. Tuzo ilikuwa ni kupelekewa jarida hilo kwa mwaka mzima.

Nolan Bushnell na Ted Dabney walikuwa na hesabu nyingine. Waliacha kompyuta, wakatumia saketi za bei nafuu, na mwaka 1971 kampuni ya Nutting Associates ikaitoa kazi yao kwa jina la Computer Space. Nyota ya katikati iliondolewa. Mchezaji wa pili naye aliondolewa, mahali pake pakawekwa visahani virukavyo. Mashine iliuzika, ila haikuwasha moto uliotarajiwa. Sababu itajwayo ni kwamba maelekezo yake yalikuwa marefu mno kwa watu wa baa, na hilo ni kweli. Hata hivyo Spacewar haukuwa rahisi zaidi, na watu waliukeshea. Kilichopungua katika Computer Space ni yule wa kumcheka ukimshinda.

Pong ulimrudisha. Wazo la mpira wa meza Bushnell alikuwa ameliona katika mashine ya Ralph Baer, Magnavox Odyssey, jambo lililozaa kesi iliyomalizwa kwa suluhu mwaka 1976. Ustadi lakini ulikuwa wa Allan Alcorn, aliyepewa kazi hiyo kama zoezi tu. Aliugawa mstari wa mchezaji sehemu 8: wa katikati huurejesha mpira moja kwa moja, wa pembeni huupeleka kwa mshazari mkali. Basi kila pigo likawa uamuzi, ama usalama wa katikati, ama hatari ya ukingoni. Kadiri mpira unavyorudishwa ndivyo unavyozidi kasi. Na kwa kasoro ya saketi, mistari haikufika juu kabisa ya kiwambo. Alcorn akaiacha ilivyo, maana bila ya upenyo huo mabingwa wawili wangeweza kucheza bila ya kikomo. Mashine ya kwanza iliyowekwa katika baa ya Andy Capp's, mjini Sunnyvale, iliharibika baada ya muda mfupi. Alipoifungua aliona kwamba sarafu zimefurika.

Biashara haikudumu na somo hilo. Mwaka 1978 Space Invaders ya Wajapani ilimthibitishia mwenye baa kwamba mpweke naye hulipa, wala hangoji mtu. Ilipofika 1991, Street Fighter II ikawasimamisha tena watu wawili bega kwa bega, mshindi akibaki na mshinde akitoa sarafu nyingine.

PDP-1 moja ilifufuliwa katika miaka ya 2000 kwenye jumba la Computer History Museum, Mountain View, na Steve Russell, mwenye mvi sasa, alikuwa miongoni mwa walioionyesha. Wageni walioomba kuujaribu mchezo walikabidhiwa vikasha viwili.