Batiki (ufuaji na utunzaji)

Batiki ni kitambaa, aghalabu cha pamba, kinachochorwa kwa nta kisha kutiwa rangi kwa mkono. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, utunzaji wake hutegemea sana maji na jua.

Watengenezaji wengi nchini Tanzania huyeyusha rangi kwa kostiki soda na haidrosulfaiti; kitambaa kikipigwa na hewa, rangi hushikamana ndani ya nyuzi. Rangi inayotoka katika ufuaji wa kwanza kwa kawaida ni ile iliyobaki juu tu. Kwa hiyo batiki mpya hufuliwa peke yake, kwa maji baridi na sabuni kidogo, na haiachwi ikiloweka. Kuitia chumvi ili "ishike rangi" ni desturi iliyoenea, lakini haisaidii: chumvi hufanya kazi ndani ya beseni la kutilia baadhi ya rangi, si baada yake. Dawa za kung'arisha zenye klorini pia huepukwa, kwani zinaweza kufifisha rangi.

Katika nyanda za chini, kama karibu na Ziwa Balangida lenye chumvi, maji ya chumvi hukataa povu na huacha utando mweupe juu ya rangi nzito. Maji ya mvua ni bora. Mbulu, juu ya bonde la ufa, jua ni kali hata kukiwa na baridi. Kwa hiyo nguo huanikwa kivulini, ndani nje, ili rangi isififie, na kupigwa pasi upande wa nyuma.