Nyimbo Nne za Rupa

Santuri yenyewe ina nyimbo nne tu. Ilitoka mwaka 1982 katika jiji lililokuwa bado likiitwa Calcutta, kwa nembo ya Megaphone, kampuni kongwe ya hapohapo. Jina lake halikumficha mtu kitu: Disco Jazz. Leo nakala ya toleo lile la kwanza hununuliwa kwa mamia ya dola. Ilipotoka, ilidoda madukani.

Mwimbaji wake, Rupa Biswas, alikuwa msichana wa Kibengali aliyezoea ghazali. Mwaka 1981 alisafiri hadi Calgary, Kanada, kumtembelea kaka yake, na huko akaimba kwenye onyesho chuoni. Safari hiyo ikamkutanisha na Aashish Khan, fundi wa sarod, kile chombo cha nyuzi kinacholia kama gitaa lenye kikohozi. Aashish hakuwa mtu wa mitaani: babu yake Allauddin Khan na baba yake Ali Akbar Khan walikuwa mabingwa wa sarod, na yeye mwenyewe alishapiga katika albamu ya George Harrison wa Beatles ya mwaka 1968, Wonderwall Music. Akausimamia muziki wa santuri ya Rupa. Nduguye Pranesh akakaa kwenye tabla, na Wakanada wakashika magitaa na ngoma.

Kilichozaliwa hakikufanana na disko ya kukimbizana. “Aaj Shanibar”, yaani “Leo Jumamosi”, unakwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka: besi inatembea, sarod inachokoza, na Rupa anaimba kwa sauti ya karibu, kama anayemnong’oneza mtu mezani.

Kwa nini basi haikuuzwa? Soko lilikuwa limeshapata malkia wake. Nazia Hassan wa Pakistani aliimba “Aap Jaisa Koi” katika filamu ya Qurbani mwaka 1980, akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata yeye na mdogo wake Zoheb wakatoa Disco Deewane, chini ya Biddu, mtayarishaji aliyezaliwa India na kujijengea jina Uingereza. Mwishoni mwa 1982 ikaja filamu ya Disco Dancer na muziki wa Bappi Lahiri, naye Mbengali. Nchini India sinema ndiyo iliyokuwa mpiga debe wa muziki. Wimbo ulifika dukani ukiwa na sura ya nyota nyuma yake. Rupa hakuwa na filamu. Na mnunuzi wa Bengal alikuwa na desturi yake: kila msimu wa sikukuu ya Durga alingoja nyimbo mpya za waimbaji aliowajua miaka mingi.

Rupa hakutoa albamu nyingine kama ile.

Miongo ikapita. Wasaka santuri wakaanza kuigombania, nyimbo zikasambaa YouTube, na mwimbaji mwenyewe hana habari. Ni mwanawe aliyelitafuta jina la albamu mtandaoni, akakuta wageni wakilipia fedha nyingi kitu ambacho nyumbani kwao kilikuwa kimesahaulika. Mwaka 2019 kampuni ya Numero Group ya Chicago ikaitoa upya, safari hii kwa ridhaa ya Rupa.

Wimbo wa kwanza unaitwa “Moja Bhari Moja”. Kwa Kibengali, moja ni raha. Msikilizaji wa Mombasa au Tanga, asiyejua hilo, atakaa anangoja mbili.