Kubabua steki (Kahama)

Kubabua steki ni kuichoma nyama isiyo na mfupa juu ya moto mkali kwa muda mfupi, ili nje ipate rangi ya kahawia na ukoko wenye ladha kabla ndani haijakauka. Katika miji ya ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita kazi hii hufanyika juu ya mkaa, na kwa kawaida huachiwa mwisho wa uchomaji. Jiko la peleti, linalounguza vidonge vya vumbi la mbao kwa msaada wa feni ya umeme, limetoka Marekani na lina tabia tofauti kabisa na jiko la mkaa. Makala hii inayaangalia majiko hayo mawili kwa macho ya Nyasubi, kata ya mjini Kahama, ambako mkaa haujapata mshindani kwenye nyama choma.

Mahali na walaji

Kahama imekua haraka kwa mpunga, dhahabu na barabara. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Ule wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, ukafuata mwaka 2009 na kufungwa 2021, mwaka huohuo Kahama ilipopandishwa hadhi kuwa manispaa. Malori ya kutoka bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapa. Dereva, mchimbaji mdogo na mfanyabiashara wa mchele hawafanani kwa mengi, ila wote hula wakiwa wamechelewa na wana njaa, na hakuna anayetaka kusubiri saa mbili.

Utaratibu ni ule unaojulikana nchi nzima. Bucha huwa pembeni ya baa au ndani yake, na nyama hununuliwa kwa kilo ikiwa mbichi. Mteja huonyesha kwa kidole anachotaka: mbavu, paja, sarara, au steki tupu isiyo na mfupa, ambayo bei yake huwa juu ya mchanganyiko. Jiko lenyewe ni pipa la mafuta lililopasuliwa katikati na kuwekewa miguu, juu yake wavu wa nondo nyembamba zilizochomelewa na fundi wa mtaani. Mkaa hulundikwa upande mmoja, na upande wa pili huachwa na makaa machache. Mpangilio huo ndio ufundi wenyewe, ingawa mgeni huweza kudhani ni uzembe.

Nyama huanzia upande wa makaa machache. Mchomaji huichana chana kwa kisu, huipaka chumvi, huigeuza pole pole, na kila mafuta yanapodondoka na kuwasha ndimi za moto hurushia maji ya chumvi kwa vidole. Baada ya nusu saa hivi, kutegemea unene, huibonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa bado inabonyea kama ya bucha, inarudi pale pale. Ikishakaza, huvutwa juu ya mkaa mwekundu, makaa hupepewa kwa nguvu kwa feni au kifuniko cha ndoo, na kwa dakika moja au mbili kila upande hubabuka. Kisha huwekwa kwenye gogo, hukatwakatwa vipande vya kula kwa mkono, na kupelekwa mezani kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari, ndimu, pilipili na kichuguu kidogo cha chumvi.

Wapishi wa Marekani wamekuja kuipa jina la kitaalamu njia hii ya kuanza na moto wa taratibu na kumaliza na moto mkali, na wameiandikia vitabu. Wachomaji wa Kahama wanaitumia kwa sababu ya nyama waliyo nayo.

Kinachotokea juu ya nyama

Rangi ya kahawia na harufu inayowavuta watu kutoka barabarani hutokana na mmenyuko wa protini na sukari uliofafanuliwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mmenyuko huo hushika kasi joto la uso wa nyama likipita takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Kikwazo chake ni maji. Uso wenye unyevu hauwezi kupanda juu ya joto la kuchemka mpaka maji yaishe, na Kahama, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,200, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Nyama iliyotolewa moja kwa moja kwenye beseni la viungo vya majimaji na kutupwa kwenye wavu hutokota kwanza. Rangi inayopata mwishoni inatokana na masizi kuliko na nyama. Kuifuta kwa kitambaa safi, au kuipaka chumvi mapema na kuiacha wazi ikauke, husaidia kuliko kuongeza mkaa.

Imani kwamba moto mkali hufunga vinyweleo vya nyama na kuzuia maji yake yasitoke inasikika Kahama sawasawa na inavyosikika Paris. Ilienezwa katika miaka ya 1840 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, na ni ya makosa. Ukoko hauzuii maji, na yeyote anayesikia nyama ikichirizika juu ya makaa baada ya kubabuliwa anayasikia yakitoka. Moto mkali huongeza ladha. Maji hulindwa na kutoipitisha nyama kiwango cha kuiva, na kuipumzisha dakika chache kabla ya kuikata. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi kwenye magogo ya baa.

Ng'ombe mwenyewe

Hapa ndipo steki ya Nyasubi inapoachana na ya vitabu. Ng'ombe wengi wa Tanzania ni zebu wa pembe fupi, wenye nundu, wavumilivu wa ukame na magonjwa. Nyama yao haina mafuta mengi yaliyotawanyika ndani ya misuli, na mnyama anayeuzwa mnadani mara nyingi ana umri wa miaka kadhaa na ametembea maisha yake yote kufuata majani. Kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi: jamii ya zebu ina kiwango kikubwa cha kizuizi cha vimeng'enya vinavyolainisha misuli baada ya kuchinja, hivyo nyama yake hulainika polepole.

Isitoshe, haipewi nafasi ya kulainika. Misuli ya ng'ombe hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa na huanza kulegea baada ya siku moja au zaidi. Wauzaji wa steki wa Ulaya na Marekani huitunza kwenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4 kwa wiki 1, 2 au zaidi. Kwenye bucha zetu nyama iliyochinjwa alfajiri inatakiwa iishe jioni, na mteja huuliza kwanza kama ni ya leo. Upya ni kipimo cha busara pale ambapo friji ni chache na umeme hukatika, lakini una gharama yake mdomoni. Steki nene ya zebu ya siku hiyo, ikibabuliwa dakika 3 kila upande na kuachwa nyekundu katikati, hutafunika kama kandambili.

Walaji hawaitaki hivyo hata hivyo. Nyama yenye damu hurudishwa jikoni, na nyuma ya desturi hiyo kuna sababu ya afya: vifuko vya minyoo tegu hukaa ndani ya misuli ya ng'ombe na hufa joto la katikati likifika takriban nyuzi 60. Mihuri ya mkaguzi wa nyama hupunguza hatari bila kuifuta, na nyama iliyochinjwa kichakani bila ukaguzi haina hata hiyo. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama Tanzania, inaweka ukaguzi na usajili wa bucha kama sharti. Kwa anayetumia kipimajoto, nyuzi 63 katikati na mapumziko ya dakika 3 ni kiwango salama kwa kipande kizima, na bado nyama haijawa ukuni.

Vipande vinavyostahimili moto mkali ni vichache. Sarara ni laini popote ilipo, na hupotea kwenye bucha kabla ya saa nne asubuhi. Nyama ya mgongoni karibu na mbavu hufuata. Nundu, ambayo ng'ombe wa Ulaya hana, ina mafuta yaliyopangana na misuli, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo steki halisi ya zebu: hukatwa nene kidogo, huanza taratibu ili mafuta yalegee, kisha hubabuliwa mpaka kingo zikauke. Paja na kidari ni vya mishkaki au mchemsho.

Mabadiliko yanaweza kuja kupitia unenepeshaji. Shinyanga na Mwanza ni nchi ya pamba, na viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta huacha mashudu na maganda ya mbegu. Wanenepeshaji hununua ng'ombe waliokonda, huwafungia na kuwalisha mabaki hayo kwa miezi michache kabla ya kuwauza. Ng'ombe wa namna hiyo huwa na mafuta zaidi, na mafuta ndiyo yanayoipa steki ruhusa ya kukutana na moto mkali.

Jiko la peleti

Jiko la peleti lilibuniwa na Joe Traeger katika jimbo la Oregon, naye akapata hataza mwaka 1986. Ilipoisha muda wake miaka 20 baadaye, watengenezaji wengine wakajaa sokoni. Peleti ni vidonge vya vumbi la mbao lililokandamizwa, vyenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8. Hukaa kwenye sanduku la pembeni. Parafujo inayozungushwa na mota huvisukuma hadi kwenye chungu kidogo cha moto, feni hupuliza, na kifaa cha umeme hupima joto na kuamua vidonge vingapi viingie. Juu ya chungu kuna bamba la chuma linalotawanya joto. Matokeo yake ni tanuri la moshi linalojiendesha: mpishi huweka nyuzi 110, huenda zake, na mbavu huiva kwa saa kadhaa bila kupepewa.

Udhaifu wake ni huohuo utulivu wake. Majiko mengi ya aina hii hukomea nyuzi 230 hadi 260, na joto linalofika kwenye nyama hubebwa zaidi na hewa. Mkaa mwekundu una nyuzi 700 na zaidi, na joto lake husafiri kwa mng'ao. Kwa hesabu ya fizikia, mng'ao hupanda kwa kipeo cha nne cha jotoridi halisi. Eneo dogo la makaa ya nyuzi 700 hutoa joto la mng'ao karibu mara 12 ya eneo kama hilo la chuma chenye nyuzi 250. Pipa la Nyasubi, kwa tendo hili moja la kubabua, linalishinda jiko la gharama kubwa bila jasho.

Wenye majiko ya peleti huzunguka tatizo hilo kwa njia chache. Baadhi ya majiko yana bamba linaloteleza ili ndimi za moto ziguse nyama moja kwa moja. Njia ya uhakika zaidi ni kikaango kizito cha chuma cha kusubu kilichopashwa joto la juu kabisa kwa dakika 15 hadi 20: kinapogusana na nyama hutoa joto haraka kuliko hewa ya jikoni. Steki hupandishwa kwanza taratibu kwenye nyuzi 110 mpaka ibaki kidogo kuiva, hutolewa, hufutwa, kisha hubabuliwa kwenye kikaango dakika 1 kila upande. Kwa nyama ya zebu hatua ya kwanza hurefushwa.

Kuni, mkaa na pumba

Mkaa wa Kahama una historia nzito. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka misitu ya Shinyanga kuangamiza mbung'o, chini ya utafiti ulioongozwa na Charles Swynnerton. Mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza kilichobaki. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, ulifufua ngitili, malisho ya Wasukuma yanayofungwa ili yapumzike, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Matanuru ya udongo bado hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, na STAMICO, shirika la madini la taifa, hutengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe ya Kiwira. Gesi hubabua vizuri pia, ila wateja wengi wa nyama choma huikataa kwa pua.

Peleti zingeweza kutengenezwa hapahapa, maana mashine za kukoboa mpunga za Kahama huacha vilima vya pumba, takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga wote. Tatizo ni majivu. Peleti nzuri za mbao huacha majivu yasiyofika asilimia 1. Pumba huacha karibu asilimia 20, mengi yakiwa silika. Chungu cha moto cha jiko la peleti hujaa na kuzimika kabla steki haijageuzwa mara ya pili. Kwa sasa pumba zinafaa zaidi zikibanwa kuwa vipande vikubwa vya kuunguza kwenye jiko la wazi, ambalo mchomaji anaweza kulikung'uta majivu kwa mkono kati ya mteja mmoja na mwingine.