Kuanzisha Tangi la Samaki wa Mapambo Lenye Mimea: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mwananchi anayetaka kufuga samaki wa mapambo nyumbani, ofisini au shuleni anashauriwa kutenga wiki nne hadi sita za maandalizi kabla ya kuingiza samaki wa kwanza katika tangi jipya. Vifo vingi vya samaki katika siku za mwanzo havitokani na maradhi wala uhaba wa chakula, bali hutokana na maji ambayo hayajakomaa. Maji hayo huonekana safi kama kioo, lakini ndani yake hujengeka sumu isiyoonekana kwa macho.

Makala haya yanaeleza hatua za kuandaa tangi la maji baridi lenye mimea hai, namna ya kuchagua mimea na samaki, na wajibu wa mfugaji kwa mito na maziwa yanayomzunguka.

Asili ya ufugaji huu

Wazo la kuweka samaki na mimea pamoja ndani ya kioo lilipata msingi wa kisayansi jijini London katikati ya karne ya 19. Mkemia Robert Warington aliweka samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria spiralis katika chombo kimoja, kisha akaongeza konokono waliokula majani yaliyooza. Mwaka 1850 alieleza matokeo yake: mimea ilitoa oksijeni iliyovutwa na samaki, nao samaki walitoa hewa ya ukaa iliyotumiwa na mimea.

Mimea ya jenasi hiyo ya Vallisneria huota kiasili pia katika maziwa makuu ya Afrika, yakiwemo Tanganyika na Nyasa. Kwa sababu hiyo, mfugaji wa Tanzania anayeanzisha tangi lenye mimea anaweza kujifunza kutoka katika maji ya nchi yake mwenyewe.

Mahali na ukubwa wa tangi

Anayeanza anashauriwa kuchagua tangi la lita 100 au zaidi. Tangi dogo huonekana rahisi kutunza, lakini maji machache hubadilika haraka: chakula kidogo kilichobaki au samaki mmoja aliyekufa hutosha kuharibu maji yote kwa siku moja. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40 hubeba takribani lita 100 lisipojazwa hadi ukingoni.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukijumlisha kioo, changarawe na mawe, tangi hilo hufikia karibu kilo 150. Meza ya kawaida haifai. Inatakiwa stendi imara iliyosawazishwa kwa pima maji, yenye tabaka jembamba la sponji ngumu chini ya kioo ili uzito usambae sawasawa. Tangi likae mbali na dirisha lenye jua, kwa kuwa jua la moja kwa moja hupasha maji kupita kiasi na kustawisha mwani.

Usalama wa umeme usipuuzwe. Kila waya unaotoka katika tangi uteremke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Vifaa vizimwe kabla ya mtu kutia mkono majini.

Mchanga, mawe na mimea

Sakafu ya tangi hutandazwa changarawe laini au mchanga wa mtoni wenye kina cha sentimita tano hadi saba. Uoshwe mara nyingi hadi maji yanayotoka yawe maangavu, bila kutumia sabuni. Ili kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki: likitoa povu, litaongeza ugumu wa maji. Jiwe hilo huwafaa samaki wa Ziwa Tanganyika, lakini halifai kwa samaki wanaopenda maji laini.

Mimea mitatu inatosha kwa anayeanza, na yote huvumilia makosa ya mgeni:

Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupandwa nyuma ya tangi. Mizizi ifukiwe, lakini sehemu majani yanapoanzia ibaki juu ya mchanga, la sivyo mmea utaoza.

Anubias, yenye asili ya Afrika Magharibi na Kati, ina majani magumu na hukua polepole. Shina lake nene linalotambaa halifukiwi kamwe. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti.

Ceratophyllum demersum haina mizizi na huelea majini. Hukua kwa kasi na kufyonza amonia moja kwa moja, hivyo humsaidia sana mfugaji katika wiki za mwanzo.

Mimea ipandwe kwa wingi tangu siku ya kwanza. Tangi lenye mashina machache huacha mwanga na virutubisho vingi bila mtumiaji, na mwani hutumia nafasi hiyo. Taa iwashwe saa sita hadi nane kwa siku, si zaidi. Majani ya zamani yakianza kulainika na kudondoka, mfugaji asing'oe mmea. Mara nyingi huo ni mmea unaozoea maji mapya, na majani mengine huchipua.

Tahadhari kuhusu konokono

Mfugaji anashauriwa kununua mimea kwa mkulima wa samaki au muuzaji anayeiotesha mwenyewe, badala ya kuichuma mtaroni, bwawani au kandokando ya ziwa. Mimea ya porini huweza kubeba konokono wa jenasi Biomphalaria na Bulinus, ambao ni wenyeji wa vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa hutoa vimelea majini, navyo hupenya ngozi ya mtu anayetia mkono. Kila mmea, hata wa dukani, uchunguzwe pande zote za majani, na konokono pamoja na mayai yao yaliyo kama utelezi yaondolewe kabla ya kupandwa.

Jinsi maji yanavyokomaa

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mimea huitumia kama mbolea.

Bakteria hao hawapo kwa wingi katika tangi jipya. Hujijenga polepole juu ya changarawe na hasa ndani ya sponji ya kichujio. Ili wapate chakula bila kuhatarisha samaki, mfugaji hujaza maji, huwasha pampu na kichujio, kisha hudondosha chembe chache za chakula cha samaki kila siku ili zioze na kutoa amonia. Vipimo vya maji vitaonesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Siku amonia na nitriti zote zinaposoma sifuri huku nitrati ikionekana, maji yamekomaa.

Safari hiyo huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita. Inaweza kufupishwa kwa kuweka katika kichujio kipya kipande cha sponji kutoka tangi la mfugaji mwingine ambalo limekaa muda mrefu na samaki wake ni wazima.

Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria hao na kudhuru samaki. Yakiachwa katika ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48, hasa yakipulizwa hewa, klorini hutoka. Hata hivyo, dawa nyingine ya kutibu maji iitwayo kloramini haitoki kwa njia hiyo. Huhitaji dawa maalumu ya kutengenezea maji ya samaki. Ni vyema kuuliza mamlaka ya maji ya eneo husika ni dawa ipi inayotumika.

Samaki wafuate maji

Kosa jingine la kawaida ni kununua samaki kwa rangi zake, kisha kuhangaika kubadili maji yamfae. Njia salama ni kupima maji uliyonayo, kisha kuchagua samaki wanaoyapenda.

Mahali ambako maji ni magumu, kama ilivyo kwa visima vingi, samaki wa Ziwa Tanganyika wanafaa. Maji ya ziwa hilo yana pH ya takribani 8.6 hadi 9, na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi karibu na uso wake. Ziwa hilo lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa familia ya Cichlidae, familia moja na sato na perege, na nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani. Jozi ya Julidochromis, wanaoishi katika nyufa za mawe, hukaa vizuri katika tangi la lita 100 na hawali mimea. Kinyume chake, samaki wa jenasi Tropheus, wanaopendwa kwa rangi zao, hula majani, hupigana na huhitaji tangi kubwa zaidi, hawamfai anayeanza. Mfugaji wa samaki wa Tanganyika awe makini zaidi na amonia, kwani pH na joto vinapopanda, sumu yake huwa kali zaidi.

Mahali ambako maji ni laini, samaki wadogo wanaoogelea kwa makundi, kama vile tetra, hufaa zaidi. Samaki wa dhahabu hashauriwi kwa tangi la namna hii: hufukua mizizi, hutafuna majani laini na hukua kupita ukubwa wa tangi.

Joto la chumba nalo lizingatiwe. Maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya yanahitaji kifaa cha kupasha maji. Pwani wakati wa joto, feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia kuyapoza.

Samaki waingizwe wachache wachache. Mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha waongezewe maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi. Wahamishwe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Kundi linalofuata lisubiri wiki mbili, ili bakteria waongezeke kulingana na mzigo mpya.

Matunzo ya kila wiki

Chakula kitolewe mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizwa ndani ya dakika mbili. Kila wiki ibadilishwe asilimia 20 hadi 30 ya maji. Sponji ya kichujio ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini itaua bakteria waliojengwa kwa wiki nyingi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliomo ndani ya kichujio hukosa oksijeni na huanza kufa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba nzuri. Samaki wasilishwe hadi umeme urudi, na maji yapimwe siku inayofuata.

Usimwage tangi katika maji ya asili

Mfugaji anapochoka au kuhama, huweza kudhani kwamba kuwaachia samaki mtoni ni huruma. Si hivyo. Gugu maji, mmea wenye maua ya kuvutia wenye asili ya Amerika Kusini, ulisambazwa duniani kama pambo la mabwawa. Ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunga mialo, ukazuia mitumbwi na kunyima maji mwanga na hewa. Salvinia molesta, jimbi linaloelea lenye asili ya Brazil, lilifunika sehemu kubwa ya Bwawa la Kariba miaka michache baada ya bwawa hilo kuanza kujazwa mwaka 1958. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya uvuvi, alileta kipato kikubwa, lakini pia alichangia kutoweka kwa spishi nyingi za furu.

Kwa hiyo, samaki wasiohitajika wapewe mfugaji mwingine au warudishwe kwa muuzaji. Mimea iliyopunguzwa ikaushwe juani hadi ife kabisa, kisha itumike kama mboji. Maji yaliyotolewa tangini yamwagwe bustanini, ambako nitrati yake ni mbolea, na si katika mtaro unaoelekea mtoni.

Anayetaka kuvua samaki hai wa mapambo ziwani, kuwauza au kuwasafirisha nje ya nchi, anapaswa kwanza kuonana na Afisa Uvuvi wa Halmashauri yake ili aelezwe vibali vinavyohitajika kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Afisa huyo pia ni mtu sahihi wa kuulizwa kuhusu spishi ngeni kabla ya kununuliwa.