Samaki Aliyebebwa Kupanda Nyandarua

Mto Gura huanzia kwenye nyanda za juu za milima ya Nyandarua, nchini Kenya, ambako usiku huleta jalidi ingawa ikweta haiko mbali. Maji yake ni baridi, yana hewa nyingi na hupita kasi kati ya mawe. Leo wanaishi humo trauti, samaki wenye madoadoa wanaofuatwa na wavuvi kutoka mbali. Lakini kusini mwa Sahara trauti hana asili. Barani Afrika wale wa asili wako kaskazini, kwenye milima ya Atlas. Wa Gura waliletwa wakiwa mayai.

Kuleta mayai ya samaki kutoka Ulaya kupitia bahari za joto kulishindikana kwa miaka mingi, kwa kuwa yaliharibika njiani. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk ilitoka Uingereza ikiwa na mayai yaliyofungashwa ndani ya kuvumwani na kuzungushiwa barafu. Baada ya karibu miezi mitatu baharini mengine yalifika salama, na trauti wakaanguliwa kisiwani Tasmania. Siri ilikuwa baridi, maana yai la trauti likiwekwa kwenye ubaridi hukua polepole mno na huweza kuvumilia safari ndefu likiwa na unyevu tu, bila kuzamishwa majini. Tangu hapo, popote walowezi wa Kiingereza walipoona mto wa mlimani, waliwaza kuupandikiza trauti.

Nchini Kenya aliyefanya hivyo ni Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia wa ziwa Loch Leven, Scotland, na wakapandikizwa katika mto Gura. Vitabu humtaja yeye na kuishia hapo. Mimi naona hadithi imekatwa katikati. Mwaka huo karibu kila mzigo uliopanda Nyandarua ulipandishwa na binadamu: ulipita msitu wa mianzi, ukapita matope na baridi, na huu ulitakiwa usipate joto wala usitikiswe ovyo. Wapagazi waliofanikisha kazi hiyo hawakuandikwa majina. Na tusisahau Grogan alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1907 yeye na wenzake waliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, na akafungwa kwa kosa hilo.

Kwa Wakikuyu wenyewe samaki hakuwa chakula. Mto ulikuwa wa kunywesha mifugo na kuwekea mipaka ya ardhi. Ghafla ukawa na mali ya mtu mwingine ndani yake, mali inayolindwa kwa leseni na adhabu. Walowezi waliongeza trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, na samaki wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kutotolesha vifaranga huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Uvuvi huu ulithaminiwa mno hata nyumba ya Sagana, zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth kutoka koloni, ilijengwa kando ya mto wa trauti. Hapo ndipo alipopewa habari ya kifo cha baba yake, Februari 1952.

Kabla mwaka haujaisha hali ya hatari ilitangazwa. Misitu ile ile ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, na mito iliyokuwa ya starehe ikawanywesha watu waliokuwa wakipigania ardhi yao.

Uvuvi wenyewe una ufundi ninaouheshimu. Hutumii chambo cha nyama wala mnyoo. Ndoana ndogo huvishwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na mdudu, na kwa kuwa haina uzito, ni mshipi wenyewe ulio mzito unaoibeba hewani na kuitua majini taratibu. Trauti ana macho makali. Kivuli kimoja tu humfukuza. Majira mazuri ni kiangazi cha Januari na Februari, maji yanapopungua na kuwa maangavu. Wengine hupanda hadi maziwa ya Mlima Kenya, kama Rutundu na Ellis, yaliyo juu ya mita 3,000, ambako pia samaki walipelekwa na watu.

Na hao wadudu bandia, nani huwatengeneza? Wengi hufungwa na mafundi wa Kenya, wanawake kwa wanaume, mbele ya kibanio kidogo mezani, unyoya baada ya unyoya. Huuzwa Ulaya na Marekani, ambako mvuvi humrusha mdudu wake katika mto wa Scotland bila kujua alikozaliwa. Kazi hii imesomesha watoto na kujenga nyumba, na inastahili kuandikwa katika historia ya trauti kwa wino ule ule uliomwandika Grogan.

Samaki huyu anahitaji maji yasiyozidi nyuzi ishirini hivi, kwa hiyo msitu ukikatwa juu, yeye huumia mapema. Uchunguzi wa angani wa mwaka 1999 ulionyesha jinsi misitu ya Mlima Kenya ilivyokuwa ikikatwa na kuchomwa makaa. Upande wa Nyandarua, uzio wa umeme ulioanzishwa na shirika la Rhino Ark mwaka 1989 ulikamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi, na ndani yake imo sehemu ya juu ya mto Gura. Mabondeni, wakulima nao wamechimba mabwawa, na trauti anauzwa kwa kilo katika mahoteli ya Nanyuki na Nairobi. Wajukuu wa watu ambao hawakula samaki sasa ndio wanaomfuga.