Kafuro: Kituo cha Wapwani katika Himaya ya Karagwe

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Bukoba mwaka 1890, na muda mrefu kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, migomba ya Ihembe, kata ya Karagwe ya leo, ilikuwa ndani ya himaya moja ya Wanyambo, iliyotawaliwa na ukoo wa Wahinda. Ikulu ya Omukama, yaani mfalme, ilikuwa Bweranyange. Si mbali na ikulu hiyo, katika bonde lililozingirwa na milima, palikuwa na kituo kilichoitwa Kafuro. Hapo ndipo watu wengi wa Karagwe walipomwona Mwislamu kwa mara ya kwanza: mtu mwenye kanzu na kilemba, anayesali mara tano kwa siku na kuandika hesabu zake kutoka kulia kwenda kushoto.

Waliomleta huko walikuwa tembo. Seyyid Said, Sultani wa Oman, alipohamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, bei ya pembe ilipanda na misafara ikasukumwa bara zaidi kila mwaka. Kufikia miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakijikita Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na kutoka hapo njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini. Hii ya kaskazini ilipita Uzinza na Rusubi, ikaingia Karagwe, ikavuka mto Kagera kwenye kivuko cha Kitangule na kufika Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amefika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Kwa waliomfuata, Karagwe ilikuwa ghala, mahali pa kupumzikia na mlango wa kuingilia falme za maziwa.

Wenyeji waliwaita wageni hao Waarabu, lakini hawakuwa taifa moja. Wapo waliozaliwa Oman, wapo Waswahili wa mrima na visiwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mmoja wa waliojulikana zaidi, Musa Mzuri, alikuwa Mhindi, Khoja kutoka Surat. Kuwatofautisha ni jambo la lazima kwa yeyote anayetaka kuelewa utamaduni uliofika. Uarabu ulikuwa asili ya wachache kati yao, Uislamu ulikuwa dini ya wengi, na Uswahili ndio uliowaunganisha: lugha ya sokoni, mavazi, chakula na adabu za kupokea mgeni. Kilichofika Karagwe kilikuwa mchanganyiko uliokwisha kupikwa pwani.

Nguvu ya Musa Mzuri ilionekana baada ya kufa kwa Omukama Ndagara, wanawe walipogombea kiti. Musa alisimama upande wa Rumanyika Orugundu, na Rumanyika akashinda. Tangu hapo wafanyabiashara wa pwani walikuwa na rafiki Bweranyange. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika huko Novemba 1861, alishangaa kukuta kwamba Rumanyika hakumdai hongo, ilhali watemi wa njiani, hasa Suwarora wa Rusubi, walikuwa wamemkamua vitambaa na shanga.

Mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alipopita Kafuro mwaka 1876, mwenyeji wake alikuwa Hamed Ibrahim, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa na nyumba kubwa, ng'ombe, pembe za ndovu na watumwa. Hilo la mwisho halifai kufichwa chini ya mazulia ya ukarimu. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na bunduki viliingia. Pembe zikatoka, na watu pia wakatoka, wamefungwa. Historia ya Kafuro ina kurasa zote mbili, na anayeipenda Karagwe anapaswa kuzisoma zote mbili.

Pamoja na urafiki wake na watu wa pwani, Rumanyika hakusilimu. Jirani yake, Kabaka Mutesa wa Buganda, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuwaamuru watu wake wafuate, kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu waliokataa kuiweka amri yake juu ya dini. Karagwe haikupita njia hiyo. Omukama aliwapa wageni ardhi, akafanya nao biashara, lakini hazina yake ya kifalme ilibaki ya Kinyambo: ng'ombe wadogo wa chuma, nyundo za wahunzi, mikuki na ngoma. Stanley alipoingia katika nyumba ya hazina hiyo, kitu cha kigeni alichokitaja kilikuwa bunduki aliyoiacha Speke.

Kuna mahali ambapo desturi hizo mbili zilikaribiana bila mtu kupanga. Wote walihesabu kwa mwezi. Mwislamu wa Kafuro aliukodolea macho upeo wa magharibi ili ajue kama Ramadhani imeingia au Idi imefika. Rumanyika naye, mwezi ulipoandama, aliketi mbele ya ngoma zake. Speke alihesabu 35 zimepangwa chini, na wakuu wakaja mmoja mmoja kuapa utii. Kwa mmoja mwezi ulifungua ibada. Kwa mwingine ulifanya upya utawala.

Kahawa nayo ilikuwa na nyumba mbili. Kwa Waarabu ilienea kutoka Yemeni katika karne ya 15, pale Masufi walipoinywa ili wakeshe katika dhikri, na pwani ya Afrika Mashariki ikawa kahawa chungu ya vikombe vidogo. Karagwe haikuhitaji kuletewa buni. Wanyambo na Wahaya walikuwa tayari na robusta yao: walizichemsha buni pamoja na majani ya kunukia, wakazikausha na kuzitafuna, na mgeni alipewa hizo kabla hajaulizwa shida yake. Buni mbili za tunda moja zilitumika pia katika kuchanjiana, zikipakwa damu za wawili wanaokuwa ndugu. Mwislamu angeweza kupokea ukarimu wa buni. Dini yake ilimkataza kumeza damu, kama ilivyomkataza pombe ya ndizi, rubisi, iliyokuwa moyo wa kila sherehe. Kwa hiyo katika nyumba ya Mnyambo, buni ilibaki kuwa kitu ambacho mwenyeji na mgeni wa pwani wangeweza kukishiriki bila kinyongo.

Stanley aliporudi Karagwe mwaka 1889, jumuiya ya wafanyabiashara wa Kafuro ilikuwa imevunjika. Karagwe yenyewe ilidhoofishwa na ugomvi wa urithi, kisha sotoka ikateketeza ng'ombe wa eneo la maziwa katika miaka ya 1890. Uislamu wa leo wa mkoa wa Kagera una mizizi mingine mingi iliyokuja baadaye, lakini alama za zama za misafara hazikufutika. Kanzu imekuwa vazi la heshima la mwanamume katika harusi za mkoa huu, awe Mkristo au Mwislamu. Kiswahili kilichobebwa na wapagazi kimekuwa lugha ya shule na soko. Na buni za wakulima wa Karagwe na Kyerwa hukusanywa na chama chao cha ushirika, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha kwa UNESCO njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni njia ya magharibi peke yake. Tawi la kaskazini, lililopita Rusubi, Kafuro na Kitangule, halimo, ingawa ndilo lililoupeleka Uislamu hadi Buganda. Mwanafunzi wa Ihembe anajifunza Bagamoyo darasani; anastahili kufundishwa pia kwamba njia hiyo ilifika kwao, nani waliipita, walileta nini, na walimchukua nani.